Feruzi bin Nani?

Watu wa visiwani hatuna majina ya ukoo, tuna majina ya watu. Mtu ni Fulani bin Fulani bin Fulani, basi. Akizaa, mwanawe huanza na lake mwenyewe, likafuata la baba na la babu, na lile la nne likaanguka. Wenye nisba, yaani jina la ukoo wa Kiarabu, kama Albarwani, Alriyami, Almazrui, Jamalilayli, wana pa kushikilia. Sisi akina Kombo na Faki na Makame tunajuana kwa vijiji na kwa mama zetu.

Kwa utaratibu huo jina la Feruzi lilitakiwa liwe limekwisha zamani. Feruzi ni baba wa babu yake baba yangu, mtu wa Mtambile, Pemba. Jina lake limeokolewa na fomu. Ami yangu mkubwa aliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, akapitia Mombasa, akaishia Ghuba, na huko mwenye mhuri akamtaka jina la familia. Ami hakuwa nalo. Akatoa jina la mbali kuliko yote aliyoyajua, akaandikwa Feruzi, na wanawe na wajukuu wake ni akina Feruzi mpaka leo. Baba yangu, ndugu yake wa tumbo moja aliyebaki nyumbani, hana jina hilo katika karatasi yake hata moja. Matokeo yake tunayaona kwenye mirathi: kila kukitokea msiba tunakula viapo mbele ya kadhi kwamba watu wawili wenye majina yasiyofanana walinyonya ziwa moja.

Nilianza kumtafuta Feruzi kwa sababu hiyo tu, ya karatasi. Nilitaka nijue jina la baba yake ili nasaba iandikwe mara moja, watu wapumzike.

Hadithi ya nyumbani ni fupi. Feruzi alikuwa Mshirazi. Alikuja kwa jahazi, akashuka Pemba usiku, akapata shamba, akaoa kwa watu wa Tumbe. Ushahidi ni jina lenyewe: feruzi ni kito cha rangi ya samawati kinachochimbwa Uajemi, na Waajemi wamewahi kuwa na wafalme wa jina hilo. Ami alikuwa akiisimulia hadithi hii kwenye simu kwa sauti ya mtu aliyekuwepo. Nani angembishia? Pwani yote inajua habari za majahazi saba yaliyotoka Shirazi, na msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, kwa hiyo si kama habari za wageni wa kale ni za kubuni tupu.

Lakini hesabu haikubali. Majahazi saba ni habari za miaka elfu nyuma. Feruzi wetu ni baba wa mtu aliyezaliwa baina ya 1880 na 1890. Mshirazi gani huyu aliyechelewa miaka mia tisa?

Tena silsila yetu inagota. Mzee wa Tumbe au wa Kojani ukimuuliza nasaba yake atakupeleka majina saba bila kumeza mate, na akikwama mkewe atamkumbusha. Sisi tunafika kwa Feruzi tunasimama. Marehemu bibi yangu alipoulizwa Feruzi bin nani, alikuwa akijibu, "Bin Abdalla." Nilipokuwa mdogo lilinitosha. Ukubwani nikaja kujua kwamba kwetu asiyejulikana baba yake huitwa bin Abdalla, kwa kuwa kila mtu ni mja wa Mungu. Ni jibu la heshima, na ni mlango uliofungwa kwa upole.

Mtu wa kwanza kunifumbua macho ni maalimu mmoja anayesoma khati za zamani, ambaye nilimwendea na daftari langu la nasaba. Akalipitia, akaweka kidole kwenye Feruzi, akaniuliza, "Majirani zake walikuwa akina nani?" Sikujua. Akasema nikawatafute hao kwanza, maana jina moja halisemi kitu. Kisha akanitajia majina yanayotembea pamoja na Feruzi katika hati za Zanzibar za karne ya 19: Almasi, Yakuti, Marijani, Ambari, Mabruki, Nasibu, Baraka, Faraji, Farahani, na wanawake, Zafarani, Tufaha, Faida. Vito, manukato, matunda, bahati njema. Hayo ndiyo majina ambayo mabwana waliwapa watumwa wao. Mtoto alinyang'anywa jina la kwao, akavalishwa la kito.

Sikusema kwamba kila Feruzi ni mtumwa, na yeye hakusema hivyo. Fairuzi Ad-Dailami alikuwa sahaba, na India ilikuwa na Sultani Firuz Shah. Ila hao hawakuishi kwenye mashamba ya karafuu ya Pemba.

Hapa kuna kichekesho ambacho mtu wa bara hukishangaa. Unguja na Pemba wapo wanawake wengi waitwao Mtumwa. Nina jamaa wawili wa jina hilo, na wote ni wenyeji wa asili wasio na shaka katika nasaba zao. Wamepewa kwa unyenyekevu mbele ya Mungu, au kwa sababu mama alipoteza watoto na huyu akapewa jina duni ili asionewe kijicho. Basi aitwaye Mtumwa hakuwa mtumwa, na aitwaye kito ndiye.

Baada ya hapo nikaanza kuisikia upya ile hadithi ya jahazi. Alishuka usiku. Mbona usiku? Msafiri mwenye mali zake anashuka mchana, watu wakamwone.

Tarehe zinasaidia. Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba haikupigwa vile. Bei ya karafuu ikapanda, na wenye mitaji wakageukia Pemba kupanda na kupalilia, na kazi hiyo ilitaka mikono. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, akatia saini mkataba na Waingereza, John Kirk akiwa balozi wao: biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikapigwa marufuku na soko la Mkunazini likafungwa. Papo hapo ambapo Pemba ilihitaji watu kuliko wakati wowote, kuwaleta kukawa haramu. Kilichofuata kila mfanyabiashara wa magendo anakijua. Mizigo ikaja usiku, katika vihori na mikoko ya Pemba, kisiwa ambacho mwambao wake umekatwakatwa kana kwamba umeumbwa kwa kazi hiyo. Waingereza wakaweka meli yao, HMS London, bandarini Unguja tangu 1874, na mashua zake zikawa zinavizia mlango wa Pemba. Desemba 1881 nahodha wake, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipokuwa akilikagua jahazi lililobeba watumwa chini ya bendera ya Ufaransa.

Feruzi, kwa umri wa wanawe, aliletwa akiwa mtoto katika miaka hiyohiyo. Siwezi kumweka katika jahazi fulani na sitajaribu. Lakini neno "usiku", ambalo familia imelibeba miaka mia na zaidi bila kujua limebeba nini, naliamini kuliko Shirazi yote.

Nilikwenda Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa, mara nyingi kuliko nilivyomwambia mke wangu. Watu wanadhani hapo mtu anafungua kitabu anaona jina la babu yake. Hati za karne ile nyingi ni za Kiarabu, tarehe zake za Hijria, na khati hubadilika kwa kila mwandishi. Tena herufi za Kiarabu zikiandikwa bila irabu huyameza majina yetu: Kombo anaweza kusomeka Kimba au Kambi, na mji usioujua huwezi kuubahatisha. Feruzi kwa bahati lina herufi za kutosha kusimama lenyewe. Tatizo lake ni kuwa wamejaa.

Hapo ndipo swali la maalimu lilipofanya kazi. Hati ya shamba ya zamani haitoi namba ya kiwanja. Inataja mipaka minne kwa majirani. Kibla, shamba la fulani, mashariki, njia ipitayo, na kuendelea. Baba aliwahi kuniambia kwamba shamba letu dogo la Mtambile linapakana na "kwa Mabruki", ingawa hakuna Mabruki anayekaa hapo leo. Nikaacha kumtafuta Feruzi, nikamtafuta Mabruki mpakani.

Alipopatikana, alikuwa kwenye hati ya mauzo ya mwaka 1321 wa Hijria, yaani 1903 kuingia 1904. Mikarafuu michache na ardhi iliyo chini yake, Mtambile. Upande mmoja njia, upande mmoja shamba la Mabruki, upande mmoja mjane wa Almasi, na upande wa nne shamba kubwa la muuzaji mwenyewe, Mwarabu wa ukoo unaojulikana, ambao sitautaja kwa sababu vitukuu vyake ni watu tunaozikana nao. Mnunuzi ni Feruzi. Na baada ya jina lake, pale ambapo watu wote wengine wana "bin", yeye ana "atiki", kisha jina la yule muuzaji. Feruzi, mwachwa huru wa fulani. Maalimu alilisoma mara mbili, akanisogezea karatasi nilione mwenyewe, ingawa alijua kusoma kwangu ni kwa kubabaisha.

Kwa hiyo swali langu la karatasi lilijibiwa. Feruzi bin nani? Sheria haikumpa bin, ilimpa bwana.

Neno hilo moja lina mambo. Amri ya kufuta hadhi ya utumwa ilitolewa na Seyyid Hamoud bin Mohammed Aprili 1897, na haikumwachia mtu yeyote siku ileile. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mbele ya mahakama akaombe, na bwana akalipwa fidia. Masuria walitengwa kabisa mpaka 1909. Wengi hawakwenda. Wengine waliondoka bila kumuaga mtu, wengine walibaki shambani kwa makubaliano ya kazi, na wengine waliachwa huru na mabwana wenyewe kwa njia ya dini, kama thawabu au kwa wasia. Machoni pa watu wa Pemba wakati ule uhuru wa karatasi ya Serikali na uhuru wa kutamkwa na bwana havikuwa na uzito mmoja. Wa pili ndio uliohesabika kisheria ya dini, kwenye ndoa na mirathi. Neno atiki linamweka Feruzi katika kundi hilo la pili.

Na linamfunga pia. Aliyeachwa huru hufungamana na aliyemwacha. Hiyo ndiyo walaa, na akifa bila mrithi mali hurudi kwa bwana au watu wake. Kwa njia hiyo zipo koo visiwani humu zinazoitwa kwa nisba kubwa ambazo hazikuzipata kwa damu. Sisi tungeweza kuwa mojawapo. Kwa nini Feruzi hakuchukua nisba ya bwana wake, au watoto wake hawakuichukua, sijapata karatasi ya kunieleza, lakini ninayo dhana: alinunua. Mtu aliyenunua mikarafuu kutoka kwa bwana wake wa zamani, akaandikiwa hati na mashahidi, huenda hakuona haja ya kuazima jina pia.

Hela alizitoa wapi? Mtumwa wa shamba kwa desturi alikuwa na siku zake, Alhamisi na Ijumaa, za kulima konde lake na kuuza alichopata. Juu yake palikuwa na kadamu, juu ya kadamu nokoa, na juu ya nokoa msimamizi. Shangazi yangu mkubwa, ambaye nitamrudia, aliwahi kutamka kwa kujigamba kwamba "babu yetu alikuwa nokoa", akidhani nokoa ni cheo cha Serikali. Alipojua kwamba nokoa mara nyingi naye alikuwa mtumwa, alininunia wiki nzima. Mimi naona ni fununu nzuri. Nokoa alikuwa na nafasi ya kuweka akiba kuliko mchumaji, na baada ya 1897 wenye mashamba waliokosa watu na kuzama kwenye madeni ya bei ya khiyari, yaani kuuza shamba kwa sharti la kulikomboa, kwa wakopeshaji wa Kihindi walikuwa tayari kumuuzia yeyote mwenye fedha mkononi.

Sasa Tumbe. Ukoo wa mke wa Feruzi kule Tumbe unajulikana, upo, na wanatukubali. Hilo si la hadithi. Ni Wapemba wenyeji, na wao Ushirazi wao hawauombi kwa mtu. Ila kwa sheria ya kufu, yaani usawa wa hadhi baina ya mume na mke, mwachwa huru hakuwa sawa na mwanamke huru wa asili, na walii wake angeweza kuikataa ndoa. Hakuikataa. Mikarafuu ilikuwa bado hajainunua, kwa hiyo nadhani kilichosema kitu ni unokoa wake na akiba yake, pamoja na ule uhuru wa kutamkwa, ikiwa alikuwa ameshaupata. Na watoto waliozaliwa wakakulia upande wa mama, wakasema kama watu wa mama, na walipokuja waandishi wa sensa mwaka 1924 na tena 1931 walikuwa na pa kujiandikisha. Baina ya sensa hizo mbili maelfu ya watu Zanzibar waliacha kujiita Waswahili wakajiita Washirazi au kwa majina mengine ya wenyeji. Wanahistoria wameliandika sana jambo hili kama ujanja wa watumwa wa zamani. Katika nyumba yetu haukuwa ujanja, ni kweli ya mama iliyovikwa jina la baba. Wajukuu walijua wao ni Washirazi, walijua Feruzi ni neno la Kiajemi, wakaviunganisha. Hata mimi ningeviunganisha.

Alikotoka kabla ya jahazi ni habari nyingine. Watumwa wengi wa Zanzibar ya wakati ule walipitia Kilwa wakitokea nchi za Ziwa Nyasa, Wayao, Wanyasa, Wangindo, Wamakua. Binamu yangu mmoja wa Uingereza, Feruzi wa karatasi, alitema mate kwenye kichupa cha kupima DNA akayatuma, na akaletewa ramani iliyopakwa rangi kutoka Tanga hadi Msumbiji. Tulichojua hakikuongezeka sana. Alifurahi lakini, kwa sababu hakukuwa na Uajemi wala alama yake, na yeye ndiye aliyekuwa upande wangu katika kundi letu la WhatsApp.

Maana vita vilikuwepo. Nilipotuma picha ya hati na tafsiri yake, kundi lilikaa kimya kutwa nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea hata siku za msiba. Kisha mtoto mkubwa wa ami akauliza ni nani mwingine nje ya familia aliyeiona. Mwingine akasema Feruzi wapo wengi, huyu si wetu. Hoja hiyo ni ya haki na niliijibu kwa mipaka: Mabruki, njia, shamba kubwa upande wa kibla. Baba hakuandika kitu. Alinipigia akaniuliza kama mjane wa Almasi ametajwa jina. Hakutajwa.

Shangazi ndiye aliyenena. Ana miaka themanini na kitu, anakaa Mtambile palepale, na hasomi WhatsApp, anasomewa. "Mwanangu," aliniambia, "ukimchunguza sana bata hutamla." Nikamwambia bata mwenyewe ameshaliwa miaka mia iliyopita. Hakucheka. Akasema watu wa pale walikuwa wakilijua jambo hili siku zote, kwamba wazee wote wa mashamba manne yale walikuwa wa bwana mmoja, na kwamba lilikuwa halisemwi ili watoto waozeke. Hilo lilikuwa jipya kwangu kuliko hati yenyewe. Nilikuwa nimehangaika Kilimani kutafuta siri ambayo kijiji kizima kilikuwa nayo na kilikuwa kikitutunzia.

Kuna kejeli nyingine ambayo shangazi aliitoa mwenyewe. Baada ya Mapinduzi shamba kubwa la bwana yule lilitaifishwa na kugawanywa eka tatu tatu, na mmoja wa wajukuu wa Feruzi akapewa zake hapohapo, upande wa kibla wa mpaka. Aliona ni zawadi ya Serikali tu. Hakuna aliyemwambia ni ardhi ya nani na nani aliilima.

Katika daftari la nasaba sasa nimeandika "Feruzi, atiki", na jina la bwana nimeliweka kwenye bahasha ndani ya jalada. Wana wa ami wanataka iandikwe bin Abdalla kama alivyosema bibi. Tumekubaliana kuandika yote mawili, na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyeshindwa.

Wiki iliyopita shangazi alituma kijana anipigie. Nilidhani ni nasaha zaidi. Kumbe anataka nakala ya ile hati, yenye muhuri, haraka, kwa sababu jirani wa upande wa njia amesogeza uzio wake mpaka ndani ya mikarafuu miwili, na Jumatatu wanakwenda kwa sheha.